Mwongozo kamili wa kutafuta alipozikwa mtoto mchanga wa ukoo wenu

Karibu kila ukoo huku kwetu una mtoto ambaye hayupo kwenye orodha. Dada yake bibi aliyekaa wiki mbili tu, kaka yake baba aliyeondoka na surua kabla hajatembea, pacha mmoja aliyekufa usiku uleule mwenzake akabaki. Ukianza kuandika mti wa ukoo wakubwa wote unawapata, na makaburi yao yana saruji, msalaba au vigae, ila hawa wadogo hakuna kitu, na ukiuliza unaambiwa achana nayo hiyo nani atakumbuka. Wapo wanaokumbuka. Naandika hapa njia nzima, zaidi kwa Tanzania na kidogo kwa Kenya.

Kitu kimoja kishike kabla ya vyote maana watu wanazunguka miezi kwa kutokukijua. Mtu mzima akifa mbali ukoo unakaa, unajadili azikwe wapi, pengine anasafirishwa. Kichanga hakusafirishwa. Kichanga alizikwa palepale alipofia, siku ileile au kesho yake asubuhi, na mara nyingi waliomzika ni wanawake wa nyumba mbili tatu za jirani, wala msiba haukutandikwa. Kwa hiyo usianze na makaburi ya ukoo yako wapi, anza na swali hili: mwaka ule mama yake alikuwa anaishi wapi? Ukilijibu hilo umeshavuka zaidi ya nusu ya kazi, na mengi nitakayoandika chini ni namna ya kulijibu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza mtoto alikuwepo

Chukua daftari, andika watoto wote wa yule bibi kwa kufuatana na mwaka wa kila mmoja hata kama ni wa kukadiria. Zamani mama alinyonyesha mpaka miaka miwili hivi, kwa hiyo watoto walipishana miaka miwili hadi mitatu. Tuseme una 1947, 1949, 1954, 1956. Hapo kati ya 1949 na 1954 pana tundu. Inawezekana babu alikuwa mbali, kwenye mkonge au migodini au jeshini (kwa mapengo ya miaka ya vita ya pili, waliopigana Burma na KAR, jeshi la Mwingereza la huku kwetu, walikosekana nyumbani miaka kadhaa), lakini inawezekana pia kuna mtoto au watoto wawili pale. Na usidharau pengo dogo, kwa sababu kichanga akifa maziwa yanakauka na mama anawahi kushika mimba nyingine, yani hata pengo la miaka mitatu na nusu linatosha kumficha mtoto mmoja.

Alafu angalia majina, majina yanasema sana. Pwani kuna Mosi, Pili, Tatu, Mwanne. Kama shangazi anaitwa Tatu na kwenye orodha yako yeye ni wa pili, uliza, ingawa anaweza kuwa amerithi tu jina la bibi yake. Usukumani na Unyamwezini, na siku hizi karibu Tanzania nzima, Kulwa na Doto ni mapacha na anayewafuata ni Shija. Ukikuta Doto hana Kulwa, au Shija ambaye juu yake hakuna mapacha, huenda umeshapata mtu wako. Buganda hivohivo, Kizza anafuata mapacha. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, sasa kama mkubwa unayemjua wewe anabeba jina la babu mzaa mama kuna uwezekano mkubwa alikuwepo mwingine juu yake. Majina kama Mashaka, Shida, Tabu nayo mara nyingi yalitolewa nyumba ikiwa imetoka kupitia jambo, yafuatilie.

Kuna na hili ambalo watu wengi wanalipita: majirani walikuwa wanamwita bibi Mama nani? Kama kijiji kizima kilimwita Mama Zuhura na wewe humjui Zuhura yoyote kwenye familia, huenda Zuhura alikuwepo. Kwa kawaida mama anaitwa kwa mtoto wa kwanza, na pengine hata mtoto akifa jina linabaki kwa mama mpaka anazeeka.

Hatua ya 2: Kuuliza, na nani wa kumuuliza

Hapa ndipo penye mali yote kwa hiyo usikimbie.

Wengi wanaanza na wazee wa kiume, mwenyekiti wa ukoo, babu anayejua vizazi nane. Wazee wanajua mipaka ya ardhi na makaburi ya wakubwa, ila kichanga akizikwa wengi wao hawakuwepo, au walichimba wakaondoka. Waulize lakini usianze nao. Anza na shangazi, mama wakubwa, wake za majirani wa wakati ule, mkunga wa jadi kama yupo au binti yake. Na mtu mmoja ambaye kwangu mimi ni muhimu kuliko wote ni yule dada mkubwa aliyekuwa na miaka saba mpaka kumi wakati ule. Yeye ndiye alikuwa anambeba mtoto mgongoni mama akiwa shamba. Siku mgongo ulipobaki mtupu anaikumbuka, na alichungulia wapi mtoto alipopelekwa hata kama watoto walifukuzwa. Leo huyo dada ana miaka themanini na kitu, muwahi.

Namna ya kuuliza. Usimuulize bibi "ulizaa watoto wangapi", wengi hawapendi kuhesabu watoto kwa sauti na atakutajia walio hai tu. Nenda naye mtoto kwa mtoto. "Baba ulimpata mwaka gani? Akafuata nani? Huyo alikaa?" Akisema hakukaa, nyamaza kidogo, mwache aendelee mwenyewe. Hilo neno hakukaa, au Mungu alimchukua, au alirudi, ndio mlango, na usiingie mlangoni kwa kasi. Wapo ambao hawajawahi kumtamkia mtu tangu siku ile.

Mahali usipaulize moja kwa moja. Ukimuuliza "kaburi liko wapi" atakwambia hakuna kaburi, na kwa namna yake anasema kweli maana halikujengwa. Muulize nyumba. Nyumba yenu ilikuwa imeangalia wapi, mlango ulikuwa upande wa mlima au wa mto, jiko lilikuwa wapi, maji mlichota wapi, njia ya kwenda shamba ilipita wapi, jirani wa karibu nani. Mpe kijiti achore chini, au mpe karatasi. Nyumba ikishasimama kichwani mwake ndio unamuuliza taratibu, na mtoto mlimlaza wapi. Utashangaa atakavokujibu haraka, "pale nyuma ya jiko, chini ya ule mgomba wa mbele", "ukutani upande wa chumba cha mama", "kwenye kichuguu ukishuka kisimani". Rekodi sauti kwa simu kama amekubali, na mchoro upige picha kabla haujafutika. Nenda peke yako au na mtu mmoja, sio kundi la wajukuu wenye kamera.

Akikataa kabisa, acha. Kwa baadhi ya makabila mtoto aliyezaliwa mfu, mapacha, au aliyezaliwa na hali fulani alizikwa kwa utaratibu wake na kulikuwa na mwiko wa kulitaja jambo lile, na wewe kuja na daftari hakuondoi mwiko. Rudi siku nyingine, au mtume mwanamke wa rika lake.

Hatua ya 3: Bana mwaka

Bibi hatakwambia 1953, atakwambia "ile njaa", kwa hiyo tembea na matukio. Kwa wazee sana yapo ya kusikia: Maji Maji 1905 mpaka 1907, vita vya kwanza 1914 mpaka 1918, mafua makubwa ya 1918 yaliyoua watu wengi mno, na Ugogo kuna ile njaa ya Mtunya iliyokuja na vita. Kwa wanaosimulia ya kwao wenyewe, uliza mtoto alizaliwa kabla au baada ya Uhuru, Desemba 1961, na zile mvua kubwa za mwaka huohuo. Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Azimio la Arusha 1967. Kuhamishiwa vijijini 1973 mpaka 1976. Vita vya Kagera 1978 na 1979. Kwa Kenya hali ya hatari 1952 mpaka 1960. Unganisha na watoto walio hai pia: "wakati huo baba alikuwa ameanza shule?" Ukipata nafasi ya miaka miwili inatosha kabisa kwenda nayo kwenye vitabu.

Hatua ya 4: Familia ilikuwa wapi mwaka huo

Ukoo unaweza kuwa wa Kasulu na mtoto kalala Tanga. Hii ni kawaida sana. Kuanzia 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi iliyokusanya watu wa kazi kwa ajili ya mashamba ya mkonge, wakaja Waha, Wangoni, Wabena, watu wa Burundi na Rwanda, wakaitwa manamba, na wengi walikuja na wake zao au wakaoa hukohuko. Kila shamba lilikuwa na kambi, na makaburi ya kambi yalikuwa pembeni. Kama babu alikuwa manamba, unatafuta shamba gani na kambi gani. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967 na baadaye mengine yakabadilisha majina, kwa hiyo uliza wazee wa pale jina la zamani.

Hivohivo kwa wengine. Mpango wa karanga wa baada ya vita, 1947 mpaka 1951, ulipeleka watu Kongwa, Nachingwea na Urambo. Almasi Mwadui, dhahabu Chunya na Geita. Reli ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ilikamilika 1914 na watu wakaishi kwenye kota za stesheni vizazi na vizazi. Polisi, askari, walimu wa misheni waliohamishwa kila baada ya miaka michache, hawa walimu ndio wagumu maana kila mtoto kazaliwa kituo chake. Kenya fikiria mashamba ya walowezi, chai ya Kericho, kota za reli Nairobi.

Ushahidi upo nyumbani kuliko unavofikiri. Fungua lile sanduku la bati la babu, tafuta kipande cha kazi, risiti za kodi ya kichwa (zina jina la wilaya, na mara nyingine la mtemi au mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi), barua ya uhamisho, cheti cha ndoa ya kanisani, picha za studio zenye muhuri wa mji nyuma. Panga kwa mwaka, utaona familia inavyotembea. Mahali pa kuzaliwa palipoandikwa kwenye vyeti vya wale watoto waliotangulia na waliofuata navyo vinakubana katikati.

Sasa Vijiji. Kwa Tanzania hili ndilo limepoteza makaburi mengi ya watoto kuliko kitu kingine chochote, kwa maoni yangu. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, nyumba za zamani zikaachwa, na pale palipobaki ndio tunapaita mahame. Mtoto aliyefariki kabla ya hapo hayupo kwenye kijiji cha sasa, yuko kwenye mahame. Kenya kwa Wakikuyu kuna mambo mawili yanayofanana na hilo, vijiji vya dharura vya miaka ya 1950 (watu walikusanywa humo kwa nguvu wakati wa hali ya hatari) na ule upimaji na uunganishaji wa mashamba wa kipindi hichohicho, ambapo ardhi aliyolala mtoto inaweza kuwa iliangukia kwa familia nyingine.

Hatua ya 5: Makaratasi

Kwa Wakatoliki hapa kuna hazina. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza kila parokia iwe na kitabu cha waliobatizwa, walioimarishwa, waliofunga ndoa na waliokufa, pamoja na kitabu cha hali ya familia. Na wamisionari walihimiza sana kubatiza watoto walio hatarini kufa, katekista au mkunga alibatiza palepale kitandani alafu taarifa ikapelekwa misheni. Maana yake kichanga ambaye serikali haikuwahi kumjua anaweza kuwa ana namba kwenye kitabu cha ubatizo.

Ukifika usitafute kwa jina la mtoto. Jina la ubatizo wa dharura lilikuwa Maria, Petro, Yosefu, nyumbani pengine hakuwa na jina kabisa. Tafuta kwa jina la baba, jina la mama na kigango. Namba za LB (yaani za kitabu cha ubatizo) za ndugu zake walio hai unazo kwenye vyeti vyao, mtoto wako yuko katikati ya namba hizo. Vitabu vya zamani ni Kilatini, maneno machache yanatosha: *in periculo mortis* ni hatarini kufa, *infans* kichanga, *filius* na *filia* mtoto wa kiume na wa kike, *obiit* alifariki, *sepultus* au *sepulta* amezikwa, na baada ya hapo ndio huwa pana jina la mahali. Soma pembeni pia, mara nyingine kuna alama ya msalaba na tarehe tu, mwandiko mwingine, wino mwingine, hiyo ndiyo tarehe ya kifo. Majina yameandikwa kwa masikio ya mgeni. Mjerumani sauti ya ch anaiandika tsch, Mfaransa sh anaiandika ch na u anaiandika ou, kwa hiyo yatamke kwa sauti, usiyasome kwa macho tu.

Kitu cha kuzingatia hapa, kwa sheria ile ya 1917 mtoto aliyekufa bila ubatizo hakupewa maziko ya Kanisa. Kama hukumwona kwenye kitabu cha ubatizo usitegemee yuko ndani ya makaburi ya misheni, tafuta nyumbani au nje ya uzio wa makaburi. Sheria mpya ya 1983 ililegeza hilo, askofu anaweza kuruhusu kama wazazi walikusudia kumbatiza.

Parokia yenu ya leo inaweza kuwa ya juzi tu. Uliza parokia mama. Kilimanjaro utarudishwa Kilema au Kibosho, Bukoba utarudishwa Kashozi ya 1892, Songea Peramiho ya 1898, Pwani Bagamoyo ya 1868. Nenda na barua ya utambulisho ya paroko wako, omba miaka maalum (sio "naomba niangalie vitabu vyote"), usipige picha bila ruhusa. Kwa Walutheri, Wamoravian na Waanglikana vitabu vipo usharikani au dayosisi, na vituo vya mwanzo ndio vya kuuliza: Machame, Rungwe, Magila, Masasi, na Kenya Rabai na Freretown.

Ukikwama kabisa kuna nyaraka za mashirika yenyewe Ulaya. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, waliandika shajara ya kila kituo na ziko Roma, na hizi zinawahusu pia watu wa Burundi, Rwanda na Kongo mashariki. Za CMS ziko Birmingham na za UMCA Oxford (yote mawili mashirika ya Kianglikana), za Leipzig, misheni ya Kilutheri, ziko Halle, za Moravian ziko Herrnhut. Shajara hazitakutajia mtoto wako kwa jina, ila zitakwambia kama mwezi ule kulikuwa na ndui au surua, na waliokufa walikuwa wanazikwa wapi.

Kwa Waislamu karatasi ni chache ila utaratibu wenyewe unakusaidia. Mtoto aliyelia kisha akafa anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na kuzikwa makaburini kama mtu mzima, kwa hiyo pwani kichanga wa namna hii mara nyingi yuko makaburini, hayuko uani. Ila mimba changa iliyotoka inaweza kuzikwa uani palepale. Swali lako ni familia ilikuwa inasali msikiti gani mwaka ule, na msikiti ule ulizika wapi. Miji ya zamani kama Mombasa, Lamu, Unguja, koo nyingi zina makaburi yao wenyewe, watoto wanawekwa pembeni au miguuni mwa bibi zao. Muulize imamu na yule mzee anayechimba, hasa anayechimba, na baba yake alikuwa nani maana kazi hiyo hurithiwa. Wenye asili ya Kihindi, jamaati za Khoja zina daftari zao, na familia za Kihindu wakumbuke kwamba vichanga kwa kawaida huzikwa na hawachomwi, kwa hiyo usiishie tanuruni.

Serikali nitapita haraka kwa sababu kwa watoto wa zamani haisaidii sana. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuandikisha vizazi na vifo tangu 1920 lakini kwa Waafrika wengi haikuwa lazima. Kenya uandikishaji wa lazima kwa wote ulianza na baadhi ya wilaya 1963 ukakamilika nchi nzima 1971. Kama mtoto alifariki hospitali ya mjini miaka ya 1960 au 1970 jaribu RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya, Kenya jaribu ofisi ya usajili ya kaunti ndogo (kifo cha nyumbani kilipitia kwa naibu chifu, cha hospitali kilipitia hospitali, ni fomu tofauti kwa hiyo sema mapema), Zanzibar anza kwa sheha kisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Hospitali za misheni zina rejista za wodi ya wazazi, nyingine bado zipo stoo, muulize sista wa zamani kabla ya kumuuliza wa mapokezi.

Hatua ya 6: Kwenda kwenye eneo

Usiende peke yako. Nenda na mtu aliyeishi pale, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mwenye shamba wa sasa, eleza umekuja kumtafuta mtoto wa ukoo wala hujaja kudai ardhi. Sema hivyo mapema, waziwazi, maana mgeni anayeuliza habari za makaburi ya zamani mtu anaona anataka kumnyang'anya shamba.

Kabla ya kwenda tafuta ramani za 1:50,000 zilizochorwa kuanzia miaka ya 1950, wizara ya ardhi upande wa upimaji na ramani wanazo. Zile za kabla ya Vijiji zinaonesha makazi, njia na visima ambavyo leo ni pori. Linganisha na picha za satelaiti za Google Earth kwenye simu.

Mahame unayajua kwa miti. Miembe imesimama katikati ya pori, minyaa iliyokuwa uzio wa boma, mkonge wa mpakani, vipande vya vyungu, mafiga matatu, udongo mweusi palipokuwa jalala la majivu. Kilimanjaro na Upare tafuta masale, ile mimea ya majani marefu, yanapandwa mpakani na yanapandwa kaburini, kwa hiyo isale lililosimama peke yake ndani ya kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), mbali na mpaka, liulizie. Ukishajua jiko na ukuta wa nyuma vilikuwa wapi fungua ule mchoro wa bibi na uugeuze mpaka ukae sawa na mlima au mto. Mpigie simu ya video shangazi akiwa nyumbani, mwoneshe mti mmoja mmoja. Hii simu ya video imeleta majibu ambayo madaftari hayana.

Kaburi la kichanga ni fupi, halifiki hata mita moja, na kilima chake kinaisha baada ya masika chache. Unachotafuta ni mawe yaliyopangwa kwa mkono, au kijibonde kidogo kilichotitia. Uelekeo usikudanganye: kutoka pwani yetu kibla ni karibu kaskazini kabisa, na maiti ya Mwislamu inalazwa ubavu wa kulia ikiangalia huko, kwa hiyo kaburi linalala mashariki na magharibi, na makaburi mengi ya Kikristo nayo yamelala hivohivo. Tofauti ni kichwa, Mwislamu kichwa kiko mashariki, Mkristo kwa desturi kiko magharibi, na hilo kwa juu bila jiwe la kichwani hulioni.

Usichimbe. Usichome fito kupima udongo. Kufukua kaburi bila kibali ni kosa, na zaidi ya sheria ni mtoto amelala pale.

Kama mama alifariki kwenye uzazi na mtoto akafuata, angalia kaburi la mama kwanza kabla ya kuzunguka kote huku, mara nyingi wako pamoja au ubavuni.

Hatua ya 7: Makaburi ya mjini, na yaliyohamishwa

Mjini watoto walikuwa na sehemu yao kwenye makaburi ya umma na sehemu hizo zilijaa haraka na kutumiwa tena. Nairobi, Lang'ata ilifunguliwa 1958, kwa hiyo kifo cha kabla ya hapo kitafute makaburi ya zamani zaidi ya mji. Dar uliza mtaa waliokaa na walizika Kinondoni, Kisutu au wapi. Halmashauri au kaunti ina daftari la vibali vya mazishi, uende na tarehe kamili, bila tarehe hawataweza kukusaidia hata wakitaka.

Palipopita barabara, reli au bwawa, usikate tamaa. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969, inataka notisi itolewe, na kwenye tathmini ya fidia makaburi yanaorodheshwa. Orodha hiyo huwa ina jina la ndugu aliyejitokeza na sehemu walipohamishiwa. Iombe idara ya ardhi ya halmashauri na pia ofisi ya kijiji, maana nakala ya kijiji huwa inapona. Ila ujue wazi, kaburi la kichanga lisilojengwa na lisilotajwa na mtu mara nyingi halikuhesabiwa. Kama ndugu zake hawapo kwenye orodha, chukulia bado yuko pale chini.

Hatua ya 8: Ukishafika, andika na uweke alama

Mara nyingi hutapata kaburi lenyewe, utapata eneo, hatua ishirini kwa ishirini, nyuma ya jiko la zamani. Kubali hivyo na uandike hivyo. Kwenye kumbukumbu weka majina ya wazazi, mwaka au miaka miwili unayoamini, nani alisimulia na lini, nani alikuwepo mlipofika, lokesheni ya simu, na picha nne ukiwa umesimama katikati ukiangalia kila upande. Alafu andika kwa maneno una uhakika kiasi gani: "shangazi alionesha mwenyewe" ni tofauti na "tumekadiria kwa mchoro", na atakayesoma baada ya miaka arobaini anahitaji kujua hiyo tofauti. Kama hakuwa na jina usimpe jina wewe, andika mtoto wa fulani na fulani, aliyefuata baada ya fulani. Kama wazee wanataka kumpa jina hiyo ni kazi yao.

Alama kubalianeni na mwenye shamba. Jiwe moja au isale linatosha, usijenge saruji kwenye ardhi ya mtu, unamwachia mzigo wa kulima akizunguka na siku akiuza patakuwa na ugomvi. Akikubali, andikisheni karatasi fupi mbele ya mwenyekiti kwamba familia inaruhusiwa kufika kusoma dua au kusali na haidai ardhi, nakala moja kwake moja kwenu moja ofisi ya kijiji. Mama au dada yake mtoto kama bado yupo hai mpelekee picha wewe mwenyewe kwa mkono na ukae naye, usimtumie kwenye grupu la WhatsApp la familia kabla yeye hajaiona.